Mume wa Kwenye Simu

Habari hii nilipewa na shangazi wa msichana mwenyewe, mwezi uliopita, tukiwa kwenye benchi la zahanati tunasubiri kupimwa presha. Foleni ilikuwa haisogei, na yeye ni mtu ambaye akishafungua mdomo haufungi mpaka neno la mwisho litoke. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kama nimezidiwa. Presha yangu siku hiyo ilipanda, lakini sikujuta. Basi naiandika kama nilivyoipata, bila kutia chumvi. Labda punje mbili tatu tu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mnajua maduka makubwa yanavyokuwa siku hiyo. Toroli zinagongana, watoto wanalilia peremende, akina mama wanasukumana kwenye mafuta ya kupikia kama vile yanagawiwa bure. Katikati ya vurugu hizo alipita msichana mwembamba, shingo ndefu, gauni la manjano lenye maua meupe, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande. Kikapuni mwake mlikuwa na limau moja tu. Simu ilikuwa sikioni.

“Ndiyo, mume wangu,” alikuwa anasema, sauti laini kama mtu anayembembeleza mgonjwa. “Nimefika kwenye sabuni. Ile ya boksi la bluu, mia tatu na hamsini. Eeh. Ya kijani mia tatu na ishirini. Subiri mpenzi, niinamie hii ya chini. Mia tatu kasoro kumi. Umepata? Haya, tuhamie kwenye chai.”

Upande wa pili wa rafu, juu ya ngazi fupi, kulikuwa na mwanamume anapanga pakiti za majani ya chai. Shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikono ina makali, kalamu juu ya sikio, ndevu chache zilizochongwa vizuri. Yeye ndiye aliyeangalia sehemu ile ya vyakula vikavu na sabuni, na wenzake walimwita Msimamizi. Aliisikia sauti ile, akasahau yuko ngazini. Boksi likamponyoka, pakiti za chai zikamwagika mpaka miguuni kwa yule msichana.

“Uwii! Pole kaka!”

“Nimeshapoa, dada. Samahani sana.” Akashuka, akaanza kuokota. “Nimekusikia bila kukusudia. Mwambie shemeji kuna sabuni ya mfuko, hapo nyuma yako. Hiyo ndiyo nafuu. Watu hawaioni kwa sababu haina rangi rangi.”

“Shemeji gani?” Ulimi ulimteleza. Halafu akajikumbuka, akaibana simu sikioni. “Aaa, yeye! Mume wangu, umesikia? Kuna kaka hapa anakusalimia.”

“Anasemaje?”

“Anasema ahsante.”

“Ana bahati huyo bwana,” alisema Msimamizi, akiinua pakiti ya mwisho. “Mimi mtu akinipigia simu kutoka dukani ujue ananiuliza kwa nini foleni haitembei.”

Msichana akacheka. Alipofika mlangoni alikuwa bado anacheka peke yake, akalipia limau lake, akatoka.

Sasa niwaambie ukweli mapema ili tuende pamoja. Mume hakuwepo. Hakuwahi kuwepo. Simu ile haikuwa imepigwa popote, ilikuwa inarekodi.

Msichana huyu, ambaye nyumba nzima ya wapangaji walimwita Chiriku kwa wingi wa maneno, aliajiriwa na supamaketi nyingine, mtaa wa pili. Kazi yake ilikuwa kuzunguka maduka ya washindani na kurudi na bei zao. Meneja wake akishazipata, anapunguza hapa shilingi mbili, anapunguza pale tano, kisha anaweka bango kubwa nje: BEI ZETU CHINI KULIKO ZA JIRANI. Lakini hakuna duka linalopenda kunakiliwa bei. Mwanzoni Chiriku alikuwa anaandika kwenye karatasi, walinzi wakawa wanamtoa kama mwizi. Ndipo alipobuni mume. Mwanamke anayemsomea mumewe bei kwa simu, nani atamgusa? Walinzi wenyewe walikuwa wanampisha njia.

Kazi ya kuzunguka ilikuwa na nyongeza kidogo juu ya mshahara, na nyongeza hiyo ndiyo iliyomnunulia dawa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto. Shangazi alikuwa na miguu inayovimba, kwa hiyo dunia yake ilikuwa kochi, redio na dirisha. Mambo ya nje aliletewa na Chiriku.

“Leo mume wako amekuambia nini?” ndiyo ilikuwa salamu yake kila jioni.

“Leo nimemtambulisha kwa mtu,” alijibu Chiriku siku ile, akivua viatu.

Shangazi akapunguza sauti ya redio. Hapo alijua kuna jambo.

Wiki iliyofuata Chiriku alirudi duka lile, na iliyofuata tena. Meneja alimtuma mara moja kwa wiki, lakini miguu yake ilianza kumpeleka mara mbili. Msimamizi naye, kila akiliona gauni la manjano kwa mbali, kulikuwa na kitu cha kupanga hukohuko.

“Shemeji hajambo?”

“Hajambo. Anauliza mchele umepanda?”

“Mwambie haujapanda, ila umepungua.”

“Umepunguaje?”

Msimamizi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mtu anayetaka kuonyesha siri. Akamwekea pakiti ya biskuti mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto. Sura ileile, mtoto yuleyule anayecheka kwenye picha.

“Fumba macho. Ipi nzito?”

Chiriku akafumba. “Ya kushoto. We! Hii nyingine imeliwa?”

“Haijaliwa. Imetoka kiwandani hivyo. Bei haijaguswa, biskuti mbili ndizo zimeondoka. Wakipandisha bei watu watapiga kelele, sasa wanapunguza kimyakimya.”

“Hata sabuni ya mche!” Chiriku alisahau kabisa kunong’ona. “Niliiona juzi, wameibana kiuno katikati. Nikadhani wameipendezesha!”

“Kiuno chake ndicho wamekibakiza kiwandani.”

Wakacheka mpaka mama mmoja mwenye toroli akawauliza kama njia ni ya kwao.

Basi hapo ndipo mapenzi yalipoingilia. Wengine hupendana kwa macho, wengine kwa muziki. Hawa wawili walipendana kwa kukamata pakiti zilizosinyaa. Walifanya mchezo. Kopo la maziwa ya unga lililopandishwa kitako kwa ndani kama kikombe kilichogeuzwa. Karatasi ya chooni ambayo kishimo cha katikati kimekuwa kipana mpaka mkono unapita. Mtungi wa siagi ya karanga uliotengenezewa kibonyeo chini. Kila aliyegundua kipya alimwangalia mwenzake kwanza kabla ya kusema, na mwenzake alijua.

“Dada, siku zote najiuliza ni mimi peke yangu ninayeona,” Msimamizi alimwambia siku moja. “Kumbe tuko wawili.”

“Tuko wawili,” alisema Chiriku, na shingo yake ikapata joto.

“Watatu,” alisema Msimamizi haraka, akirudi nyuma hatua. “Na shemeji.”

Huyo shemeji! Chiriku alianza kumchukia mtu ambaye hayupo. Kila Msimamizi alipomsogelea, shemeji alikuwa katikati. Siku moja alimpa wembe wa kunyolea wa pakiti, akasema, “Mpelekee, ni wa majaribio, tumegawiwa.” Siku nyingine akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi: “Shemeji akihitaji kitu, anipigie mwenyewe. Asikutume wewe kila siku na jua hili.”

Ndipo Chiriku akajitosa kuuliza. “Na wewe, kaka, nyumbani kuna nani?”

Msimamizi aliilaza kalamu yake vizuri juu ya sikio. “Alikuwepo. Nilikuwa na rafiki, tunakula sahani moja. Anakuja kwangu mimi nikiwepo, anakuja nisipokuwepo. Siku moja nimerudi, wameondoka wote wawili, wameniachia hata funguo mezani. Tangu siku hiyo nimeapa, mke wa mtu ni dada yangu. Nitamheshimu mume wake hata kama simjui.”

Chiriku alirudi nyumbani siku hiyo na uso umemshuka.

“Muue,” alisema Shangazi baada ya kusikiliza yote.

“Nani?”

“Huyo mume wako. Mwambie amegongwa na gari. Vaa kaniki, lia kidogo, subiri mwezi, mambo kwisha.”

“Shangazi! Nimuueje mtu ambaye ndiye anatulisha? Nikisema hana uhai, bei nitakuwa namsomea nani? Na nikisema hakuwepo tangu mwanzo, nimejitangaza mpelelezi. Atanitoa dukani, meneja ataninyang’anya mizunguko, na dawa zako je?”

“Dawa zangu ziache nje ya mapenzi yako, mwanangu. Miguu ilivimba kabla hujazaliwa.” Shangazi akafikiri, akipapasa goti. “Basi gombana naye.”

“Na nani?”

“Na mumeo! Gombana naye dukani, yule kaka asikie. Mwanamke akigombana na mume, mwanamume mwingine anapata pa kuingilia. Usiniangalie hivyo, na mimi nilikuwa kijana.”

Huo ndio ushauri aliotoa mtu mzima mwenye mvi. Kule zahanati alipofika hapa alijipiga paja, akasema, “Dada yangu, sijawahi kutoa ushauri mbaya kama ule.”

Kabla ya ugomvi huo, lazima mjue jambo jingine. Viwanda vilipoanza kutoa pakiti ndogo, duka la akina Chiriku lilizichukua mapema na kuziuza kwa kupunguza kidogo. Duka la Msimamizi lilikuwa limezileta chache tu, bado lina ghala la zile kubwa za zamani, bei yake imesimama palepale. Mtu akilinganisha bei kwa bei, kwa Msimamizi ni ghali. Akiweka kwenye mizani, kwa Msimamizi ni rahisi. Chiriku aliliona hilo kabla ya mtu yeyote, akalipeleka kwa meneja.

“Chai yao ina gramu mia mbili na hamsini,” alisema. “Yetu mia mbili. Sio sisi tulio chini, bosi.”

Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. “Binti yangu, humo kwenye fomu kuna mahali pa kuandika uzito?”

“Hakuna.”

“Basi na mimi huko juu wakiniuliza uzito sina pa kuuweka. Niletee bei.”

Akamletea bei. Bango likakaa nje, wateja wakafuata bango, na rafu za Msimamizi zikaanza kupata vumbi. Kila wiki Chiriku alimkuta amekonda kidogo. Wakubwa zake walikuwa wanamwuliza kwa nini sehemu yake haiuzi, na walishamwambia wazi kwamba ikiendelea hivyo watamwondoa. Alimweleza Chiriku haya akitikisa kichwa, na Chiriku alimwitikia “pole” bila kumtazama usoni, maana alijua pole ile ilitoka kwa nani.

Ndiyo siku hiyohiyo alipochagua kugombana na mume wake. Labda alitaka kujikomboa kwa njia yoyote, sijui. Alikuwa amevaa sketi nyeusi na blauzi ya rangi ya zambarau, amejipaka wanja, maana Shangazi alimwambia machozi bila wanja hayaonekani.

“Usinifokee, mume wangu!” alianza, kwenye njia ya mafuta ya kupikia. “Nimekwambia mia nne na kumi! Mimi ndiye niliyepanga bei? Eeh, nitukane! Nitukane mbele za watu!”

Watu wakageuka. Msimamizi akaacha boksi alilobeba. Chiriku akamwona kwa pembe ya jicho anakuja, akaongeza sauti.

“Kila siku ni kelele tu! Mwanamke mwingine angeshaondoka!”

Lakini Msimamizi hakuja kumfariji kama Shangazi alivyotabiri. Alikuja na uso wa huzuni, uso wa mtu aliyewahi kuona nyumba inabomoka.

“Dada, nipe nizungumze naye.”

“Ha?”

“Nipe simu. Ni mwanamume mwenzangu, atanisikiliza. Nyumba isivunjike kwa ajili ya bei ya mafuta.”

“Hapana kaka, huyu mkali, atakutukana...”

“Acha anitukane.” Akanyoosha mkono, taratibu, akaichukua simu sikioni mwake kabla Chiriku hajaibana. “Haloo, shemeji? Samahani kwa kuingilia. Mimi ni yule wa dukani...”

Kimya.

“Shemeji?”

Akaitoa simu sikioni, akaitazama. Kwenye kioo kulikuwa na kidoti chekundu kinawaka na kuzima, na dakika zinahesabika. Hakuna jina la mtu, hakuna namba. Akabonyeza, na sauti ya Chiriku mwenyewe ikatoka, laini: “Sukari ya kilo, mia moja na sitini. Ya kilo mbili, mia tatu na kumi, mpenzi...”

Akaisikiliza mpaka kwenye unga. Alikuwa mtu wa dukani, hakuhitaji kuelezwa.

“Kumbe hakuna mtu humu,” alisema polepole.

“Kaka, nisikilize...”

“Umetumwa na duka la mtaa wa pili?”

Chiriku akainamisha kichwa.

“Bango lile ni wewe.” Hakuinua sauti, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. “Mimi usiku nilikuwa nawaombea wewe na mumeo. Najiambia, hata kama moyo wangu unataka vingine, acha watu wale waishi vizuri. Nimempelekea mpaka wembe!”

Mlinzi akaanza kusogea. Msimamizi akamwashiria abaki. Akamrudishia Chiriku simu yake, akambebea kikapu mpaka mlangoni kama anavyobebewa mteja mzee, akakiweka chini.

“Sitamwambia mtu. Lakini usirudi.”

Jioni ile Shangazi hakuuliza mume amesema nini. Wanja ulikuwa umefika kidevuni.

Chiriku alipiga ile namba iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga kesho yake, ikaita. Shangazi alimshauri apige kwa namba ya jirani, naye akakataa. “Hila zako zimetosha, Shangazi,” alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumjibu hivyo. Shangazi akageukia redio yake, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ilipofika siku ya kuzunguka, Chiriku alikwenda ofisini kwa meneja akiwa na sare yake, si gauni la manjano.

“Sitaenda tena, bosi. Si kule, si kwingine.”

Meneja akavua miwani. “Nyongeza itaondoka, unajua.”

“Najua.”

“Umepata mahali pengine?”

“Sijapata. Nimechoka kusema na mtu ambaye hayupo. Kama kuna nafasi kwenye mizani ya mboga, niweke. Kule angalau ninachokisema ndicho kilichopo.”

Meneja akaandika jina lake kwenye zamu ya mboga. Akakohoa, akasema bila kumwangalia, “Wewe ulikuwa sahihi kuhusu ile chai. Ila mimi nina watoto wanne.” Chiriku akamwambia anaelewa, na alielewa kweli.

Siku hiyo wakati wa mapumziko, akiwa amekaa juu ya kreti nyuma ya duka, alimtumia Msimamizi ujumbe wa sauti. Shangazi alikuja kuusikia baadaye, akaushika moyoni neno kwa neno.

“Kaka, ni mimi. Leo sina bei ya kusoma. Nilikudanganya ili nile na shangazi aliyenilea apate dawa, halafu nikaendelea kukudanganya ili nikuone. La kwanza naweza kujitetea, la pili siwezi. Kitu kimoja tu nataka ukijue. Duka lenu si ghali. Chai yenu imezidi yetu gramu hamsini, sabuni yenu haijakatwa kiuno, mafuta yenu ni lita kamili. Nililisema huku, halikuwa na pa kuandikwa. Sasa nakuambia wewe. Waonyeshe watu uzito, wataona wenyewe. Sikuombi unirudie. Nilitaka tu ulijue kabla hawajakuondoa. Kula vizuri, umekonda.”

Ujumbe ukafika. Jibu halikuja.

Siku zikapita. Chiriku akazoea mizani, vitunguu vikamtoa machozi ambayo hakuna aliyeyauliza sababu. Nyumbani walianza kununua vitu nusu nusu. Shangazi akawa anainua miguu juu ya mto, na badala ya kumeza vidonge viwili anameza kimoja. Hakulalamika, na hapo ndipo nilipompenda.

Asubuhi moja ya Ijumaa foleni ya mboga ilikuwa imefika kwenye mikate. Chiriku alikuwa anapima bila kuinua macho. “Inayofuata. Viazi, kilo moja na robo. Inayofuata.”

Kitunguu kimoja kikawekwa kwenye mizani.

“Kimoja tu?”

“Kimoja.”

Aliijua sauti kabla ya shati. Alipoinua uso, kalamu ilikuwa palepale juu ya sikio.

“Kaka, umetoka kwenu mpaka huku kwa kitunguu kimoja?”

“Kwetu vipo vingi. Hakuna anayenipimia.”

Chiriku akakizungusha kitunguu juu ya mizani, namba zikawa zinacheza. “Hawajakuondoa?”

“Hawajaniondoa. Nimebandika kadi kwenye chai na sabuni, zina uzito wetu kwa herufi kubwa, na nimeweka mizani pembeni mtu apime mwenyewe. Mkubwa wangu kaniruhusu hizo mbili tu, anasema nyingine tuone kwanza. Jana mama mmoja amepima sabuni mara tatu, halafu akatukana kiwanda mpaka nikaona haya. Wanarudi, lakini polepole.”

“Nashukuru.”

“Una mume?”

“Kaka! Watu wanasikia.”

“Nauliza tu. Nilikuwa namheshimu sana yule bwana.”

“Nimeachana naye.”

“Mliachana vizuri?”

“Hakusema neno hata moja.”

Msimamizi alijaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda. Kicheko kilimtoka cha mtu ambaye hajacheka muda mrefu, cha kukwamakwama. Nyuma yake mwanamke mmoja aliyebeba kabichi kifuani kama mtoto alichoka.

“Jamani, oaneni au sogeeni! Mimi nina watu wa kupikia!”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Msimamizi akachukua kitunguu chake, akainama karibu na mizani. “Nielekeze kwenu, Jumapili nakuja kwa huyo shangazi yako. Sijakusamehe kabisa. Nimebakiza swali moja, nitaliuliza mbele yake.”

Jumapili alifika mchana, suruali ya kijivu, viatu vinang’aa, mkononi mfuko wa karanga kwa ajili ya Shangazi. Shangazi alikuwa amejivika kitenge kipya na kujisogeza mwenyewe kochini akae wima. Chiriku alirudia lile gauni la manjano, akaja na sinia la chakula, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe. Chumba kilikuwa kidogo, magoti ya watu watatu yalikuwa karibu kugusana.

Walikula bila maneno mengi. Msimamizi akanawa mikono, akajipangusa, akamgeukia Chiriku.

“Nilipokusikia mara ya kwanza,” alisema, “nilijiambia, mwanamke anayeweza kusema ‘mume wangu’ kwa sauti ile, huyo anapenda kweli. Halafu nikajua hakukuwa na mume. Tangu hapo silali vizuri. Najiuliza, kama sauti ile ilitengenezwa, nitamjuaje akinipenda kweli? Kesho akiniambia mimi ‘mume wangu’, nitajuaje simu haijawaka kidoti?”

Shangazi alitaka kudakia, akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Chiriku, mwenye maneno ya kugawa mtaa mzima, alilisogeza beseni pembeni kwanza.

“Mara ya kwanza ilikuwa ya kutengeneza,” alisema. “Sitakuficha. Lakini wiki iliyofuata nilikuwa najua uko nyuma ya rafu. Niliona viatu vyako chini ya maboksi. Kwenye simu hakukuwa na mtu, kaka. Niliposema ‘mume wangu’, aliyekuwa anasikia ni wewe peke yako. Na mimi nilijua. Sikuwa na njia nyingine ya kukuambia.”

Msimamizi aliinamia viatu vyake vinavyong’aa. Alipoinua macho yalikuwa na maji, akayafuta na mkono wa shati uliopigwa pasi, makali yote yakaharibika.

“Shangazi,” alisema, “nimekuja kuomba.”

“Unaomba nini? Sema, masikio yangu mazima, ni miguu tu.”

“Namwomba huyu. Na nakuomba na wewe. Nina vyumba viwili, kimoja kina dirisha la kutazama barabara. Siwezi kumchukua yeye nikakuacha na redio.”

“Angalia kijana huyu,” alisema Shangazi, sauti ikimtetemeka, “ananiposa na mimi.” Akamgeukia Chiriku. “Mwenzio ameuliza. Unanyamaza nini leo, na siku zote unatuchosha masikio?”

“Nimekubali,” alisema Chiriku. “Kwa sharti moja. Tusidanganyane hata kwa wema.”

“Hata kwa wema,” Msimamizi akaitikia. “Basi nianze mimi. Wembe ule haukuwa wa majaribio. Niliununua, nikijua ni wa mume wako, na roho iliniuma njia nzima.”

Chiriku alicheka, akalia, akacheka tena, akamwendea akakaa pembeni yake kwenye benchi la ukutani. Shangazi aliwapisha kwa kujifanya anatafuta stesheni kwenye redio, ingawa masikio hayakutoka kwao hata kidogo.

Waliongea habari za vyumba, za pazia, za vidonge vya Shangazi kurudi viwili. Jua la mchana likawa limelala sakafuni. Msimamizi huwa anaamka alfajiri kupokea mizigo, na chakula kilikuwa kizito. Katikati ya sentensi kuhusu pazia, kichwa chake kikaegemea ukuta, mdomo ukabaki wazi kidogo.

“Amelala!” alinong’ona Chiriku. “Siku ya posa yake!”

“Mwache. Si amesema alikuwa halali vizuri?”

Chiriku akaitoa kalamu juu ya sikio lake asije akajichoma, akaiweka mezani. Akasema atafumba macho dakika moja tu, kisha aoshe vyombo. Akaegemeza kichwa kwenye bega la shati jeupe, na pumzi yake ikawa ndefu.

Shangazi akawatazama. Akazima redio, akainua miguu yake juu ya mto, akajifunika kitenge kipya mpaka kifuani. Vyombo vilikuwa bado kwenye beseni, na nzi mmoja anatembea ukingoni mwa sinia. Alikusudia kumfukuza. Akalala.